Michezo Nayo ni Mali ya Nyumba

Askari, polisi na watumishi wa serikali wanaijua kazi ya kuhama kuliko watu wengine. Barua ya uhamisho huja leo, na kesho kutwa lori limesimama mlangoni. Kwa sababu hiyo kila nyumba ya mtumishi ina utaratibu wake wa kufunga mizigo: godoro hukunjwa, masufuria huingizwa moja ndani ya jingine, sahani huviringishwa katika kanga, na vyeti vya watoto hukaa katika mkoba wa mama. Lakini ipo mali moja ambayo katika nyumba nyingi haimo katika hesabu hiyo, nayo hukumbukwa jioni ya mwisho, lori likiwa limekwisha kujaa. Mali hiyo ni michezo ya nyumbani: bao la babu, ubao wa drafti, karata, ludo, na katika nyumba chache zenye bahati, meza ya mpira au mashine ya umeme ya kuchezea. Wengi huiona kuwa ni vitu vya kupitisha wakati tu, visivyostahili nafasi ndani ya lori.

Yaliyoipata nyumba moja ya mjini Bujumbura katika mwaka 2024 yanaonyesha kwamba jambo hilo lahitaji kufikiriwa upya.

Mwenye nyumba hiyo ni mtumishi wa serikali aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na hata leo ofisini na mtaani huitwa Mwalimu. Alikuwa akikaa Kajaga, upande wa magharibi wa mji, katika njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, pamoja na mkewe, watoto watatu, na baba yake mzazi, seremala aliyeacha kazi kwa sababu ya uzee. Katika nyumba ile kilikuwapo chumba kikubwa cha sakafu ya saruji kilichotengwa kwa michezo, na ndani yake ulikuwamo mkusanyo ambao haukupatikana kwa siku moja.

Kwanza lilikuwapo bao, ambalo Mzee alilichonga mwenyewe kutoka katika gogo moja la mti mgumu. Mchezo huo Warundi na Wanyarwanda huuita igisoro, nao ni ndugu wa bao la Waswahili na wa omweso wa Waganda: mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Pili, ilikuwapo meza ya mpira, ile ambayo vijana wa mjini huiita babifuti, yenye vyuma vinane na wachezaji 22 wa mbao. Mzee aliitengeneza kwa agizo la mwenye baa mmoja, ambaye baada ya kulipa nusu ya fedha hakuonekana tena. Tatu, zilikuwapo mbao tatu za drafti na kete zake za vizibo vya soda, pamoja na karata na ludo. Mwisho, zilisimama mashine mbili za michezo za sarafu, ndefu kama makabati ya nguo, ambazo Mwalimu alizinunua baa nyingine ilipofungwa. Mojawapo ilikuwa nzima, na ndani yake ulikuwamo mchezo wa mdomo wa manjano ukimbiao katika vichochoro ukila nukta. Ya pili ilikuwa imekufa zamani.

Mashine za namna hiyo zina historia yake katika ulimwengu. Mnamo 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo wa Pong, wa mpira mdogo wa nuru unaopigwa huku na huku katika kioo. Mnamo 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito akatunga Space Invaders, na mnamo 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco akautoa Pac-Man, huo wa mdomo wa manjano. Kwa miaka kadhaa watu walipanga foleni mbele ya makabati hayo katika kumbi na baa za miji mikubwa, wakitia sarafu baada ya sarafu. Baadaye michezo ilipoingia katika televisheni za majumbani, makabati yakatupwa, na watu wenye mapenzi nayo wakayaokota, wakayatengeneza, wakayaweka katika nyumba zao. Leo wapo katika Marekani, Ulaya na Japani wenye mashine kumi au ishirini nyumbani, na kila mmoja wao hukutana na jambo lile lile siku ya kuhama: mashine ni ndefu kukaribia kimo cha mtu, nyingi huzidi kilo 100, na mlango wa nyumba mpya haukujengwa kwa kuzifikiria.

Nyumba ya Mwalimu haikuhamishwa na barua ya ofisi. Ilihamishwa na ziwa.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha meta 1,470, nalo hupokea maji ya mito mingi, ukiwamo Rusizi utokao Ziwa Kivu. Lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu: mto Lukuga, upande wa Kongo, upelekao maji hadi mto Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, maji yanayoingia huwa mengi kuliko yanayoweza kutoka, na ziwa lote hupanda. Wazee wa Bujumbura wanakumbuka lilivyopanda katika miaka ya 1960, hasa mwaka 1964. Aprili 2020 mto Rusizi nao ulivunja kingo zake, ukaifunika sehemu kubwa ya Gatumba, na maelfu ya watu wakaachwa bila makazi. Kisha ziwa likaanza tena kupanda mwaka hata mwaka. Aprili 2024 hali ilikuwa imefika mahali ambapo serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa walitoa mwito wa kuomba msaada kwa ajili ya watu waliopatwa na mafuriko.

Katika nyumba ya Mwalimu maji hayakuja kwa kishindo. Yalianza kwa kulowesha bustani, yakafika barazani, na asubuhi moja yakakutwa yamesimama ndani ya chumba cha michezo, kimya, yakifika nusu ya miguu ya meza ya mpira. Siku ile ikajulikana kwamba kuhama hakuna budi.

Shemeji yake Mwalimu, kaka wa mkewe, ni askari aliyewahi kutumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Yeye ndiye aliyetafuta mahali pa kuhamia, akapata vyumba viwili na stoo katika ua wa nyumba nne mtaani Buyenzi. Kodi ilikuwa nafuu kwa kadiri ya mji ulivyojaa watu waliokimbia maji, lakini nafasi ilikuwa haba. Stoo ile, ambayo ndiyo pekee ingeweza kupewa michezo, ilikuwa na upana wa meta tatu na urefu wa meta nne.

Habari za kuhama zilipoenea, alikuja mfanyabiashara mmoja akitaka kununua mkusanyo wote kwa pamoja ili auweke katika baa yake. Bei aliyoitaja ilitosha kodi ya miezi saba. Usiku ule Mwalimu na mkewe walikaa na taa ya mkononi, umeme ukiwa umekatwa kwa sababu ya maji, wakapima jambo hilo.

"Baba watoto," mkewe alisema, "sikatai kwamba vitu hivi ni vya thamani. Lakini tangu tuhamie Kajaga, ni nani aliyevuka geti hili kuja kucheza? Baba hucheza bao peke yake, mkono wa kulia ukishindana na mkono wa kushoto. Kitu kisichochezwa ni mbao tu, na mbao zina bei."

Maneno hayo yalikuwa mazito kwa sababu yalikuwa ya kweli. Chumba kile kilikuwa kikubwa na kizuri, lakini kilikuwa nyuma ya ukuta mrefu, mbali na kituo cha basi, na majirani walikuwa watu wa kuingia kwa gari na kufunga geti. Michezo ilikuwa imepata nafasi ya kukaa, ikakosa watu. Mwalimu hakuwa na jibu, akaenda kumwuliza baba yake. Mzee alikuwa ameketi juu ya kitanda, miguu ameipandisha isiguse sakafu iliyolowa.

"Mashine uza," alisema. "Zililetwa na fedha, ziondoke na fedha. Bao na meza nilivitengeneza mimi, na mimi ndimi nitakayevifungua."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mashine nzima ikauzwa peke yake, ikaleta kodi ya miezi minne. Aliyeumia zaidi ni mtoto wa kiume wa miaka 13. Mashine zile za zamani zikizimwa husahau hesabu ya mchezaji, kwa hiyo kwa muda wa miaka miwili mtoto yule alikuwa akiandika alama zake kwa penseli ndani ya mlango wa nyuma wa mashine, tarehe baada ya tarehe. Kabla mashine haijatoka, baba yake alimpa daftari, akamwambia anakili zote. Alinakili huku akilia, na hapana aliyemkataza.

Kazi ya kufunga mizigo iliongozwa na shemeji, kwa utaratibu wa jeshi. Mengi aliyoyafanya yanafaa kuigwa na kila nyumba yenye vitu kama hivyo.

Jambo la kwanza lilikuwa kupima. Kabla ya kugusa chochote, alikwenda Buyenzi na futi ya fundi, akapima mlango wa ua, kichochoro, mlango wa stoo na stoo yenyewe. Kisha akarudi kupima vitu. Katika kupima meza ya mpira hakupima sanduku peke yake, bali alivuta vyuma vyote nje hadi mwisho, kwa kuwa vyuma hivyo hutokeza pande zote mbili, na nyuma yake lazima mchezaji apate mahali pa kusimama. Meza ambayo ikilala huchukua nafasi ya kitanda kidogo, ikichezwa hutaka karibu nusu ya chumba. Wengi husahau hesabu hiyo, wakajikuta wana meza iliyoingia ndani lakini haichezeki.

Jambo la pili lilikuwa usalama wa umeme. Kioo cha mashine za zamani ni kama cha televisheni za zamani zenye mgongo mrefu, na ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo mtu asiye fundi asitie mkono ndani ya kabati, na watoto wasiachwe karibu nalo likiwa wazi. Aliitwa fundi wa televisheni, akautoa umeme huo kwa njia aijuayo, kisha akafunga bodi za ndani katika kitambaa kikavu cha pamba na kuzitia katika sanduku lake. Sanduku la sarafu lilitolewa, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba, na funguo zikapewa mnunuzi mkononi. Mashine ilisafirishwa ikiwa imesimama, mgongo ukiegemea ubavu wa lori, maana kioo ndicho kizito na kuilaza ovyo ni kutafuta kukivunja. Mnunuzi aliambiwa pia aangalie kibandiko cha nyuma: umeme wa Burundi ni wa volti 220, na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani au Marekani huungua ikiunganishwa bila transfoma.

Jambo la tatu lilikuwa mbao zilizolowa. Mashine iliyokufa ilikuwa imesimama katika maji kwa siku kadhaa, na sehemu yake ya chini, iliyotengenezwa kwa maranda yaliyogandamizwa kwa gundi, ilikuwa imevimba kama mkate. Mbao za namna hiyo zikivimba hazirudi. Lakini mbao za mti halisi huweza kuokolewa, mradi zikaushwe polepole kivulini, zikiinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite chini yake. Mwenye haraka ya kuzianika juani huzipasua mwenyewe. Miguu ya meza ya mpira ilikuwa imeoza kwa chini. Mzee akaikata yote minne kwa kipimo kimoja, karibu shibiri nzima, akaipaka mafuta machafu ya gari ili kuzuia mchwa.

Jambo la nne, na ambalo wengi hulipuuza, lilikuwa vitu vidogo. Bao lililopoteza kete kumi limekufa, na drafti isiyo na kete haina kazi. Shemeji alikataza vitu vidogo visipande lori. Kete 64 zilihesabiwa mbele ya watoto, zikafungwa katika kitambaa, na Mzee akasafiri nazo mapajani. Mipira ya babifuti iliwekwa ndani ya soksi. Vizibo vya drafti viligawanywa kwa rangi katika mikebe miwili ya maziwa.

Jambo la tano lilikuwa utaratibu wa kupakia. Shemeji alisema kwamba kinachohitajiwa kwanza hupakiwa mwisho. Mafuta ya gari yalikuwa adimu mjini, na lori lilikubali safari moja tu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kurudi kuchukua kilichosahauliwa. Vyuma vya meza vilifungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili visicheze njiani, na meza ikapakiwa kichwa chini juu ya magodoro. Mwisho kabisa, mbele ya masufuria na jiko, ikapakiwa ile meza ndogo ya bao. Mke wa Mwalimu aliuliza kwa nini bao lishuke kabla ya jiko. Kaka yake akamjibu, "Dada, jiko litachelewa kuwaka leo hata likishuka kwanza. Mpe mzee mahali pa kukaa."

Hapa yafaa kusema maneno machache juu ya Buyenzi. Ni mmoja wa mitaa ya zamani ya mji huu, uliokuwa ukiitwa Usumbura hadi wakati wa uhuru mwaka 1962, nao hujulikana kuwa ndio makao ya Kiswahili katika Bujumbura. Njia zake zimepangwa kwa namba, nyumba zimekaribiana, magereji ya magari yamejaa, na watoto hulelewa na ua mzima. Katika vita vya 1993 hadi 2005, mitaa mingi ya Bujumbura ilipogawanyika kwa ukabila, Buyenzi uliendelea kuwa mtaa wa mchanganyiko.

Katika miaka ile ile ya vita mji huu ulijifunza kwamba mchezo si jambo dogo. Mtaani Kamenge, kaskazini mwa mji, kituo cha vijana cha Centre Jeunes Kamenge, kilichoanza mwaka 1991 chini ya mapadri Waksaveri, kiliendelea kuwaita vijana wa mitaa iliyokuwa ikiogopana waje pamoja kwa michezo, masomo na kazi za mikono. Mwaka 2002 kituo hicho kilipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Mtu aliyecheza na mwenzake hawezi tena kuambiwa kwa urahisi kwamba huyo mwenzake si mtu.

Lori lilipoingia Buyenzi, watoto wa mtaa walilifuata wakikimbia, wakaiona miguu ya meza ikielekea angani, na habari ikaenda mbele ya mizigo. Meza iliingia katika mlango wa ua, lakini ndani ya stoo, pamoja na magunia na masanduku, haikuchezeka, kama kipimo kilivyokwisha kuonyesha. Ikabidi iwekwe nje, chini ya upenu wa mabati, na mwenye ua akatoa ruhusa kwa sharti kwamba ifunikwe kwa turubai kila usiku. Mashine iliyokufa ilivunjwa. Kioo chake kilichukuliwa na fundi, maranda yaliyooza yakatupwa, na kwa mbao nzima za ubavuni Mzee akatengeneza kabati la kuwekea drafti, ludo na karata. Mtoto wa miaka 13 akaomba kalamu ya wino, akanakili ndani ya mlango wa kabati alama yake ya juu kuliko zote, na tarehe yake.

Miguu iliyokatwa ilileta jambo ambalo hapana aliyelitazamia. Meza imekuwa fupi, hivyo watu wazima huinama kidogo wachezapo, lakini watoto wa miaka sita, ambao zamani walihitaji kupanda juu ya kreti la soda, sasa huvifikia vyuma wakiwa wamesimama chini.

Si kwamba mambo yote yalikuwa mepesi. Katika moja ya nyumba nne za ua ule anakaa polisi afanyaye zamu za usiku, ambaye hurudi alfajiri na kulala hadi adhuhuri. Meza ya mpira ina kelele: vyuma hugonga, mpira hupiga ubao, na vijana hushangilia. Siku ya tatu polisi yule alitoka nje akiwa na macho mekundu, na mama wa nyumba zote wakanyamaza wakingoja ugomvi. Yeye hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nalinda usiku ili ninyi mlale. Nami nisaidieni nilale mchana."

Jioni ile watu wa nyumba nne walikaa wakapanga sheria, nazo ni chache. Viatu vya lindo vya polisi vikiwa nje ya mlango wake, meza haiguswi. Viatu vikiondoka, ruhusa. Mtoto asiyemaliza kazi ya shule hasogei. Mchezo wa fedha ni marufuku, awe mkubwa au mdogo, kwa kuwa kamari ikiingia urafiki hutoka. Baada ya saa mbili za usiku turubai hushuka. Sheria hizo ziliandikwa na Mwalimu kwa herufi kubwa, zikabandikwa juu ya kabati, na hata watoto wasiojua kusoma wanazijua kwa kuangalia viatu.

Bao halina kelele, kwa hiyo halikuhitaji sheria. Mzee aliliweka penye kivuli cha mwembe siku ile ile ya kwanza, akapanga kete, akaketi upande mmoja. Alizoea kucheza pande zote mbili, na kwa siku mbili alifanya hivyo hivyo. Siku ya tano, polisi alipoamka adhuhuri, alisimama nyuma yake akitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, huo mkono wa kushoto unauonea." Mzee akamjibu bila kuinua macho, "Basi njoo uutetee." Tangu siku hiyo, polisi akiwa hana zamu, watu wawili wale hukutana chini ya mwembe baada ya chakula cha mchana, na waliozoea kupita hapo huacha kazi zao kidogo wakasimama kuhukumu. Mkewe Mwalimu ameona kwamba baba mkwe wake anakula vizuri zaidi, na kwamba amerudia kuongea mezani.

Bujumbura ni mji uliohama mara nyingi ndani ya miaka michache. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la katikati ya mji liliungua, na wafanyabiashara wakatawanyika kwenye masoko ya mitaa, wengine wakaenda Ruvumera huko huko Buyenzi. Aliyefaulu kupata kibanda alikuwa bado hajapata soko. Ilimlazimu kuanza upya kuwatafuta wateja waliomjua kwa jina. Kadhalika, tangu mwishoni mwa 2018 ilipotangazwa kwamba Gitega ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi na Bujumbura ibaki mji mkuu wa kiuchumi, watumishi wengi wamejifunza kwamba meza ya ofisi huhamishwa kwa siku moja, bali watu wa kufanya nao kazi hupatikana kwa miezi. Mambo ya michezo ya nyumbani hayana tofauti na hayo. Kuta na sakafu ni lazima, lakini si hizo zinazoufanya mchezo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyepata barua ya uhamisho, au ambaye maji, kodi au kazi imekuamuru kuondoka ulipo, upimapo nyumba mpya usipime vyumba peke yake. Uliza ni nani wakaao jirani, ni wakati gani wanalala, na watoto wao huchezea wapi. Tazama kama kuna upenu, kivuli au baraza ambapo mtu apitaye anaweza kusimama bila kugonga geti. Kilicho kizito na hakichezwi, kiuze bila majuto, fedha yake itafaa. Lakini kile ambacho mikono ya wazee wako ilikitengeneza, na ambacho watu wawili wakikutana hukikalia, kitafutie nafasi katika lori hata kama godoro litabanwa. Hesabu kete kabla ya kuondoka, na uzihesabu tena ufikapo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa watu wa kuhamahama yafaa kuongeza kwamba ukisha kuingia ndani, toa bao nje, uwaite majirani.